Barua ya wazi kwa wahariri wakuu wa majarida ya sayansi: jina la Bi Mkubwa niliweke wapi?

Waheshimiwa Wahariri Wakuu, pamoja na wachapishaji mnaofanya nao kazi,

Salamu kutoka Unguja. Nawaandikia kwa Kiswahili, na nimekusudia. Kwa miaka 17 nimewaandikia kwa Kiingereza, lugha niliyokutana nayo darasani na ambayo mpaka leo sijawahi kuota ndoto kwayo. Safari hii kazi ya kutafuta mfasiri nawaachia nyinyi. Mashine za kufasiri mnazo, na zikishindwa, London na New York hazikosi Waswahili.

Mimi ni mtafiti wa mwani. Mchana wangu unafuata maji: yakitoka, hasa siku za bamvua, niko pwani na ndoo, mizani ya kuning'iniza, kipimajoto, na daftari lililokunjamana kwa chumvi. Usiku nageuka mwandishi wa makala. Huyo wa usiku ndiye anayewafahamu nyinyi, na ndiye mwenye maneno.

Mwaka juzi jarida moja, ambalo sitalitaja, lilinirudishia makala baada ya kukaa nayo miezi saba. Wahakiki, yaani watafiti wenzetu wanaoisoma makala kwa niaba ya jarida kabla haijakubaliwa, walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mtu wa kazi: aliuliza kwa nini tulipima joto la maji asubuhi tu, akatutaka tuoneshe jinsi tulivyohesabu uzito wa mwani mbichi dhidi ya mkavu. Maswali yake yalituuma kwa sababu yalikuwa ya haki. Wa pili aliandika mistari mitatu. Kiingereza cha makala hakiridhishi. Waandishi watafute mzawa wa lugha hiyo awapitishie. Utangulizi ndio mbovu kuliko yote.

Utangulizi ule uliandikwa na mwenzangu aliyezaliwa na kukulia Leeds, mtoto wa mwalimu wa Kiingereza. Jina lake lilikuwa la tatu. Mawili yaliyotangulia ni majina ya kwetu, na taasisi iliyo juu kabisa ina neno Zanzibar. Nilipompigia simu kumsomea maoni yale alicheka mpaka akakohoa. Nilicheka naye, huku nikihesabu ile miezi saba.

Najua mtakavyosema: lugha si rangi. Kweli. Lakini mhakiki yule hakusoma lugha, alisoma majina, kisha akayasikia makosa ambayo hayakuwepo. Na sisi hatuko peke yetu. Mwaka 2023 jarida la PLOS Biology lilichapisha matokeo ya kuwahoji watafiti 908 wa sayansi ya mazingira katika nchi 8. Wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa walikuwa wamekataliwa makala kwa sababu ya lugha zaidi ya mara mbili na nusu kuliko wazawa, na kutakiwa warekebishe lugha mara 12 na nusu zaidi. Bado hujahesabu usiku unaotumika kusoma makala moja mara tatu ili uwe na uhakika kwamba umeielewa.

Kuhusu nguvu ya jina, ushahidi mnao wenyewe, nyumbani kwenu. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la makala moja ya fedha iliyoandikwa na watu wawili: Vernon Smith, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, na mtafiti kijana asiyejulikana. Wahakiki walipelekewa makala ileile, neno kwa neno. Walioona jina la kijana tu, asilimia 65 walisema ikataliwe. Wasiooneshwa jina lolote, asilimia 48. Walioona jina la mzee wa Nobel, asilimia 23. Jaribio hilo halikupima rangi ya mtu wala nchi yake. Lilipima jina basi. Sasa chukueni jina hilo, mlitie Juma au Mwanakombo, mlibandike taasisi ambayo mhakiki hajawahi kuisikia, mkadirie wenyewe.

Ombi langu la kwanza limo humo. Ficheni majina ya waandishi kwa wahakiki, na iwe lazima kwa kila mtu. Nature na majarida dada zake wameruhusu jambo hili tangu 2015, ila kwa hiari ya mwandishi, na hiari hiyo ndiyo inayoharibu. Profesa mwenye jina hana sababu ya kujificha. Anayejificha hudhaniwa ana cha kuficha. Mtaniambia fani kama yangu ni ndogo, mhakiki atatutambua kwa vijiji tunavyovitaja. Inawezekana. Pazia lenye tundu ni pazia bado, na mtu akitaka kuchungulia itabidi angalau ainame.

Tuje kwenye vijiji. Makala yetu ilipokubaliwa mwishowe, kwingine, mhariri alitutaka tuongeze maneno mawili kwenye kichwa: Zanzibar, Tanzania. Tulikuwa tumeandika juu ya joto la maji na kufa kwa mwani, jambo linalotokea kila mahali mwani wa aina hii unakolimwa. Nilimuuliza kwa adabu kama makala zinazopima maji ya California nazo huambiwa zitaje California. Hakujibu swali hilo. Jibu nililipata kwa watafiti wawili waliopitia vichwa vya makala zaidi ya 500,000 za sayansi ya jamii na kuchapisha mwaka 2022: makala zinazohusu nchi tajiri za Kaskazini hutaja jina la nchi kwenye kichwa mara chache kuliko zinazohusu nchi za Kusini. Yaani huko kwenu mtu akimpima mtu amempima binadamu, na huku kwetu akimpima mtu amempima Mtanzania. Msomaji akishaona jina la kisiwa, anageuza ukurasa. Kisha mnatuambia makala zetu hazinukuliwi.

Ndugu yake jambo hilo ni ile sentensi ya kufungulia utangulizi, ambayo nimeisoma mara nyingi hata naweza kuiimba: kwamba ni machache sana yanayojulikana kuhusu mwani wa pwani hii. Yanayojulikana na nani? Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akitafiti mwani wa pwani hii na uwezekano wa kuulima tangu miaka ya 1970, kabla baadhi ya wahakiki wangu hawajazaliwa. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza upande wa mashariki wa Unguja, na wanawake wa Paje na Jambiani wamekuwa majini tangu hapo. Wanaujua mwani mnene na mwani mwembamba. Wanajua upi ulikufa kwanza, mwaka gani, upande gani wa mwamba. Sentensi ile inasema tu kwamba mwandishi wake hakuuliza, na mhariri hakumwuliza kwa nini.

Sasa niseme la Bi Mkubwa, maana ndiye aliyenisukuma kuandika.

Ni bibi wa Paje, mkulima wa mwani tangu kilimo hicho kilipoanza. Jina lake nalihifadhi. Wakati wa kaskazi mmoja, jua likiwa kali na maji yametoka mbali, alinishika mkono akautumbukiza kwenye kidimbwi kilichobaki kati ya mambo zake, vile vigingi vya kufungia kamba. Yalikuwa moto kama maji ya kuogeshea mtoto. Akanionesha kamba zilizo karibu na nchi kavu: matawi yalikuwa yameanza kupauka, meupe kwenye vikonyo, yanateleza ukiyagusa. Kisha akanipeleka kwenye kamba alizokuwa amezihamishia karibu na mkondo miezi miwili nyuma, bila kuambiwa na mtu yeyote. Mwani ulikuwa mzima, rangi yake kahawia iliyoiva. "Wewe pima hapa na pale," akaniambia, "halafu uwaambie wenzako." Nilipima hapa na pale kwa misimu miwili. Makala yote imejengwa juu ya sentensi hiyo moja.

Kwenye makala iliyochapishwa, Bi Mkubwa yumo sehemu ya shukurani: "wakulima wa kijiji cha Paje kwa ushirikiano wao". Aliyeandika maneno hayo ni mimi. Hakuna Mzungu aliyenishikia kalamu. Nilikuwa nimeshajifunza jinsi mambo yanavyofanywa, na nilimfanyia Bi Mkubwa kile ambacho nimekuwa nikilalamika kufanyiwa.

Nilijifunza wapi? Kwa Kamoya Kimeu, Mkenya mtafuta mifupa ya kale, kwa mfano, ingawa sikuwahi kumwona. Agosti 1984 huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto nyeusi ambazo mtu mwingine angezipita. Kipande hicho kilikuwa mwanzo wa mifupa ya yule anayeitwa Kijana wa Turkana, mmoja wa binadamu wa kale waliopatikana wakiwa kamili kuliko wengi, mwenye umri wa karibu miaka milioni moja na nusu. Makala ya kuutangazia ulimwengu ilitoka Nature mwaka 1985. Ina waandishi wanne. Kimeu si mmoja wao. Mwaka huohuo alipewa medali ya National Geographic na Rais Reagan akamkabidhi. Jamii za wanyama wa kale zimepewa jina lake. Alifariki mwaka 2022 akiwa anaheshimiwa duniani. Medali alipewa, nyani wa kale walipewa jina lake, ila kwenye ile safu ya juu, ambayo ndiyo inayohesabiwa wakati wa kutafuta kazi na ruzuku, hakuingizwa.

Mkisema hayo yalikuwa ya zamani, sogeeni karibu. Timu moja ilipitia makala 7,100 za afya zilizofanywa kwa ushirikiano barani Afrika na kuchapishwa kati ya 2014 na 2016. Katika asilimia 13.5 ya makala hizo hakukuwa na mwandishi hata mmoja kutoka nchi iliyotafitiwa. Damu ilitolewa, dodoso zilijazwa, watoto walipimwa urefu, na hakuna hata mtu mmoja wa nchi ile aliyeonekana kuwa amefikiri chochote. Kwa jumla, zaidi kidogo ya nusu ya waandishi wa kwanza walitoka nchi husika. Lakini washirika walipokuwa wa vyuo vinavyoongoza Marekani, asilimia hiyo ilishuka mpaka 23. Walipokuwa wa nchi nyingine ya Afrika, wenyeji waliwakilishwa vizuri kuliko hali zote. Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu akija, mwenyeji anaugua.

Dawa yake mnaifahamu, kwa sababu baadhi yenu mmeshaanza kuitumia. Lancet Global Health liliandika mwaka 2018 kwamba linafunga mlango kwa utafiti wa kushuka na parachuti, ule wa mgeni anayekuja, anachukua data na kuondoka bila kuwashirikisha wenyeji. PLOS tangu 2021 wanawapa watafiti wa kutoka nje dodoso la kueleza wenyeji walishirikishwa vipi. Hayo ni mazuri, nami nimeyajaza. Shida ni kwamba dodoso likishajazwa linalala. Nataka mhariri alisome kabla ya kupeleka makala kwa wahakiki, na likiwa tupu, makala irudi ilikotoka. Makala yetu ilirudishwa kwa kukosa koma mahali pake. Kukosa wenyeji hakuwezi kuwa dogo kuliko koma.

La fedha nitalipitisha haraka kwa sababu limeshasemwa sana, na kusema ukweli linanichosha. Mwishoni mwa 2020 Nature ilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja ili isomwe bure na kila mtu. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 25 za kwetu. Utafiti wangu wote wa misimu miwili, na nauli za daladala, na posho za wasaidizi, na kipimajoto kilichozama, haukufika hapo. Mnajibu kwamba nchi maskini husamehewa. Ni kweli, wengi wenu mna msamaha, na Tanzania hufaidika nao. Ila jarida moja lilinitaka barua ya mkuu wa idara kuthibitisha kwamba sina ruzuku, kana kwamba natafuta cheti cha ufukara. Wachapishaji wengine wanataka waandishi wote watoke nchi zinazosamehewa. Mwenzangu wa Leeds, alipoliona sharti hilo, akajitolea kulifuta jina lake ili tupone. Nilimkatalia. Aliandika utangulizi mzuri sana, hata kama mhakiki wa pili hakuupenda. Kama msamaha upo, uwe unajitokeza wenyewe tangu siku makala inapopokelewa, kwa nchi ya mwandishi wa kwanza, bila mtu kupiga magoti.

Mwaka 2020, baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis, mliandika matamko. Niliyasoma mengi. Nature ilikiri kuwa ni miongoni mwa taasisi za watu weupe zenye kubeba lawama ya upendeleo katika utafiti. Royal Society of Chemistry, chama cha wanakemia cha Uingereza, iliwakusanya wachapishaji waliofika zaidi ya 50 wakaahidi kuwajua waandishi, wahakiki na wahariri wao ni akina nani. Septemba 2022 Nature ikaandika tena, ikikiri kwamba ilitoa nafasi kwa maandishi ya kibaguzi ya Francis Galton na wenzake waliohubiri kuzalisha watu bora na kuwapunguza wengine. Kukiri huko sikukudharau. Watu wazima wachache hukiri makosa ya babu zao kwa maandishi.

Mwezi uliofuata likatoka toleo maalumu la Nature kuhusu ubaguzi wa rangi katika sayansi, nalo likawa na wahariri waalikwa wanne, miongoni mwao Elizabeth Wathuti wa Kenya na Ambroise Wonkam wa Kameruni. Nilifurahi kuliona. Kisha nikalitafakari neno lile, waalikwa. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili zimekwisha. Tupeni jembe: viti vya uhariri vyenye mshahara na mamlaka ya kukubali na kukataa. Majina yetu kwenye orodha ndefu za bodi za ushauri, ambazo hazijawahi kuitisha kikao, yanatosha sasa. Mimi nimo kwenye moja. Kwa miaka minne barua pepe pekee niliyoipata kutoka kwao ni ya heri ya mwaka mpya.

Kiti kina uzito kuliko tamko, na mfano ninaoukumbuka ni wa JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Februari 2021 walitangaza kipindi chao cha sauti mtandaoni kwa maneno kwamba hakuna daktari mbaguzi, sasa ubaguzi wa kimfumo katika tiba utatoka wapi. Madaktari kwa maelfu walitia saini kupinga. Naibu mhariri aliyekuwa kwenye kipindi akajiuzulu, na mhariri mkuu akaondoka mwishoni mwa Juni mwaka ule. Mwaka 2022 kiti kikashikwa na Kirsten Bibbins-Domingo, daktari na mtafiti mweusi. Samahani iliombwa Machi; mlango ulifunguka mtu alipobadilika.

Na zile takwimu mlizoahidi? Naona sasa mfumo wa kupokea makala unaniuliza asili yangu na rangi yangu. Babu yangu mzaa baba alitoka Hadhramaut akiwa kijana, bibi yangu ni wa Makunduchi, mama yangu upande mmoja ni Mngazija, na nilipokuwa skuli nilikuwa Mzanzibari tu, basi. Visanduku vyenu havina mahali pa mtu kama mimi, na Unguja nzima ni watu kama mimi. Nilibofya "Mweusi", maana najua ndivyo ninavyoonekana nikishuka uwanja wa ndege wa Heathrow. Sina kinyongo na swali. Nataka jibu lake: wekeni wazi kila mwaka, kwa kila jarida, makala ngapi zimetoka nchi gani, ngapi zimekataliwa mezani kwa mhariri kabla ya kufika kwa mhakiki, na wahariri wenye mamlaka wanaishi wapi. Kule kukataliwa mezani ndiko kusikoonekana na mtu. Makala inaingia saa nne usiku, asubuhi imerudi, na sababu ni kwamba haiwahusu wasomaji wenu wa kimataifa. Sisi ni wasomaji wenu pia. Tuko kwenye mataifa hayohayo.

Kabla sijamaliza nina maneno mawili kwa wakubwa wa huku nyumbani, Makamu Wakuu wa Vyuo na kamati zenu za kupandisha vyeo. Wahariri wa nje wana nguvu hii kwa sababu nyinyi mmewakabidhi. Mkiambiwa jarida ni la kimataifa mnainuka. Mkiambiwa ni la Dar es Salaam mnauliza linatambulika wapi. Jarida liitwalo Kiswahili, linalotolewa na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lina asili yake katika taarifa za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. African Journals Online wamekuwa wakiyaweka majarida ya Afrika mtandaoni tangu 1998, nayo yamepita 500. Jarida la sayansi ya bahari la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi ya Bahari ya Hindi, linatoka hapahapa Unguja, na wavuvi wa utafiti wa pwani yote hii, kuanzia Somalia mpaka Afrika Kusini, wanalisoma. Pointi zenu ndizo zinazomfanya kijana mwenye makala nzuri alikimbie jarida linalosomwa na wanaomhusu, akamlipe tapeli wa mtandaoni mwenye jarida lenye neno "Kimataifa" kwenye jina na anwani isiyopatikana. Watapeli hao wamejaa, na chakula chao ni kamati zenu.

Turudi kwenu, Waheshimiwa. Msije mkadhani naomba jambo ambalo halijawahi kufanyika. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu wa shule ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye jokofu zilikuwa chache, akaogopa kukosa yake, akaingiza maziwa yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalifanya mzaha wa kila siku. Siku moja akaja mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Mwingereza aitwaye Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza, wenzake wakaangua kicheko.

Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni alimwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. (Kila nikisoma maoni ya wahakiki namkumbuka fundi yule.) Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Uingereza, Physics Education. Jina la kwanza ni Mpemba, la pili ni Osborne. Sehemu ya mwanzo ni Mpemba mwenyewe akisimulia kwa maneno yake, na aiskrimu na kicheko vyote vimo. Wanafizikia bado wanabishana hadi leo kama jambo lenyewe ni la kweli na kwa nini, na katika ubishi wao wote wanalazimika kulitamka jina lake. Mhadhiri aliyekuwa na kila nafasi ya kujiweka mbele alijiweka nyuma, na mhariri mmoja akayapokea maneno ya mwanafunzi kama yalivyo.

Kwa hiyo nami nimerekebisha. Makala yetu ya tatu, ile ya kuhamishia kamba kwenye mkondo, ina waandishi wanne na Bi Mkubwa ni wa kwanza. Tulikaa barazani kwake jioni tatu. Nilimsomea kila aya kwa Kiswahili, akafuta mbili: moja alisema nimeongopa kuhusu miezi, na nyingine alisema haieleweki hata kwangu mimi. Alikuwa na haki zote mbili. Ameomba ikisiri iwepo pia kwa Kiswahili, wajukuu zake waisome.

Usiku wa kuamkia jana nilijaribu kuituma. Mfumo wenu ukakubali jina lake. Ukataka barua pepe ya taasisi. Hana, nikaweka ya mjukuu wake, ikakataliwa. Ukataka cheo, chaguo zilikuwa Profesa, Daktari, Bwana, Bibi. Hapo nilishukuru, Bibi yupo. Kisha ukafika kwenye kisanduku chenye nyota nyekundu kisichoruka: taasisi ya mwandishi wa kwanza. Nilijaza "Pwani ya Paje". Mfumo ukaniambia taasisi hiyo haitambuliki, nichague kwenye orodha.

Bamvua lijalo ni baada ya siku tisa, nami sitakuwa karibu na kompyuta. Naomba mnijibu kabla ya hapo: kisanduku kile nijaze nini?

Wenu katika kazi,

Mtafiti wa mwani, Unguja